Chico Mendes: Mgema mpira aliyeuawa akitetea msitu

Jioni ya Desemba 22, 1988, katika mji mdogo wa Xapuri ulioko jimbo la Acre, magharibi mwa Brazil, mwanamume mmoja alichukua taulo akafungua mlango wa nyuma wa nyumba yake ya mbao ili akaoge. Bafu lilikuwa uani. Askari polisi waliopewa kazi ya kumlinda walikuwa jikoni wakicheza dhumna. Risasi zilipigwa kutoka gizani, akarudi ndani akipepesuka na kufia humo, mkewe na wanawe wawili wadogo wakiwa nyumbani. Alikuwa ametimiza miaka 44 wiki moja tu iliyopita.

Jina lake kamili lilikuwa Francisco Alves Mendes Filho, lakini dunia inamjua kwa jina la Chico Mendes. Hakuwa mwanasayansi wala tajiri, bali mgema mpira, mtoto wa mgema mpira.

Alizaliwa Desemba 15, 1944 katika shamba la mpira karibu na Xapuri. Neno shamba hapa lisimchanganye msomaji, kwani hakuna aliyepanda mti pale. Mpira wa Amazon huota wenyewe msituni, mti mmoja hapa na mwingine mbali kule. Mtu akijaribu kuipanda kwa mistari huko kwao, ugonjwa wa ukungu wa majani huishambulia yote kwa pamoja. Tajiri wa magari wa Marekani, Henry Ford, aliingia hasara kubwa kwa sababu hiyo katika mradi wake wa Fordlandia ulioanza mwaka 1928. Msitu mnene wenye miti ya kila aina ndio unaoikinga mipira hiyo, na ndiyo maana mgema hawezi kuukata akabaki na kazi.

Familia ya Mendes ilitoka Ceara, jimbo kame la kaskazini mashariki. Wakulima wa Muheza na Korogwe wana uhusiano na jimbo hilo pengine bila kujua. Mpira ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi Usambara kabla ya soko lake kuanguka mwaka 1913 ulikuwa ni aina ya Ceara, na majani yake hadi leo huliwa kama kisamvu cha mpira. Ule wa Acre ni mti mwingine, wenye utomvu mwingi zaidi.

Chico alianza kugema akiwa na miaka tisa. Kazi huanza kabla ya alfajiri, kwa kuwa utomvu hutoka vizuri kukiwa na ubaridi. Mgema hupita njia yenye miti mia moja au zaidi, akichanja gome na kufunga kikombe, kisha hurudi njia ileile kukusanya. Baadaye huukausha utomvu juu ya moshi, tabaka kwa tabaka, mpaka upatikane mtumba mzito. Mvua zikianza, huacha kugema na kwenda kuokota njugu za Brazil zinazodondoka kutoka kwenye miti mirefu. Kwa hiyo msitu mmoja humpa mavuno ya aina mbili kwa mwaka bila jembe.

Tatizo lilikuwa soko. Mpira wote ulipaswa kuuzwa kwa mwenye eneo, kwa bei aliyopanga mwenyewe, na sukari, chumvi, risasi na mafuta ya taa vilinunuliwa katika duka lake, pia kwa bei yake. Mgema alitozwa hata kodi ya njia za miti, na katika maeneo mengi alikatazwa kulima chakula ili asiache kununua dukani. Mkulima wa korosho anayeijua kangomba ataelewa haraka. Daftari la madeni halikufungwa, na kwa kuwa shule zilipigwa marufuku, mdaiwa hakuweza kulisoma.

Mendes alijifunza kusoma akikaribia miaka 18. Mwalimu wake alikuwa Euclides Tavora, mwanajeshi wa zamani na mkomunisti aliyekuwa amejificha msituni baada ya kushiriki uasi wa mwaka 1935. Vitabu havikuwepo, hivyo walitumia magazeti ya zamani. Mzee huyo pia alimzoesha kusikiliza redio za nje kwa Kireno, za Moscow, London na Marekani, na kulinganisha habari moja inavyosimuliwa na kila upande.

Baada ya jeshi kutwaa madaraka mwaka 1964, Serikali ya Brazil iliwapa wenye mitaji misamaha ya kodi ili wakafuge ng'ombe Amazon. Katika miaka ya 1970 walinunua maeneo ya mpira huko Acre, wakakata na kuchoma. Familia za wagema zilifukuzwa, wengine wakakimbilia Bolivia.

Machi 1976, huko Brasileia, wagema walianza njia yao ya kujihami iliyoitwa empate, maana yake kuzuia. Watu wengi, wanawake na watoto wakiwemo, walikwenda hadi kwenye kambi ya wakataji, wakazungumza na vibarua wenye misumeno ya injini kwamba wao pia ni maskini wenzao, kisha wakabomoa kambi. Hawakubeba silaha za kushambulia. Kwa hesabu ya Mendes mwenyewe, katika empate 45 walishindwa 30 na kushinda 15. Kwa mfugaji aliyetaka kuchoma kabla ya mvua, hata kucheleweshwa wiki chache kulikuwa hasara. Wilson Pinheiro, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa mashambani cha Brasileia, aliuawa kwa risasi Julai 1980. Mendes, aliyeshiriki kuanzisha chama kama hicho Xapuri mwaka 1977, akawa ndiye anayetazamwa.

Hoja yake kubwa aliipata kwa majirani ambao wagema waliwahi kuwa maadui zao. Zamani wenye mpira walituma watu wenye bunduki kuwawinda wenyeji wa asili, Wahuni Kuin na wengine, ili kupata ardhi. Damu hiyo haikusahaulika upesi. Lakini wenyeji hao walikuwa na kitu ambacho wagema hawakuwa nacho. Ardhi yao ilipotambuliwa kisheria ilibaki mali ya taifa, wao wakaitumia kwa pamoja kwa mila zao, bila kugawanywa vipande wala kuuzwa. Serikali iliwapa wagema viwanja vidogo kila mmoja, ilhali miti ya familia moja imetawanyika katika hekta mia kadhaa. Kiwanja kilikuwa na mstari lakini hakikuwa na mipira ya kutosha.

Oktoba 1985 wagema wapatao 130 walikutana Brasilia na kuunda baraza lao la taifa. Hapo ndipo lilipotolewa wazo la hifadhi ya uvunaji, yaani msitu wa taifa ambao wakazi wake wanaruhusiwa kuvuna mpira na njugu lakini si kuuza ardhi. Mazungumzo na viongozi wa wenyeji, akiwemo Ailton Krenak, yakazaa Muungano wa Watu wa Msituni.

Mwaka 1987 Mendes alikwenda Marekani kuwaeleza wakopeshaji wa barabara iliyokuwa ikijengwa hadi Acre kwamba inaleta ukataji. Mkopo ukasitishwa kwa muda. Mwaka huohuo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilimpa tuzo ya Global 500. Nyumbani wapinzani walimwita adui wa maendeleo.

Mwaka 1988 aliongoza wagema kumzuia mfugaji Darly Alves kukata msitu wa Cachoeira, eneo ambalo Mendes mwenyewe aligema kwa miaka mingi. Serikali ikalitwaa eneo hilo kwa ajili ya wagema. Darly na mwanawe Darci, aliyefyatua risasi, walihukumiwa kifungo cha miaka 19 mwaka 1990. Walitoroka 1993, wakakamatwa tena 1996.

Machi 1990 ilitangazwa Hifadhi ya Uvunaji ya Chico Mendes, yenye ukubwa wa karibu hekta 970,000. Marina Silva, mtoto wa mgema aliyepigana bega kwa bega na Mendes, alikuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2003 hadi 2008, akarejea 2023.

Msitu ulipata sheria, ila bei haikutulia. Mpira wa bei rahisi kutoka nje uliingia katika miaka ya 1990 na wagema wengi wakaacha visu. Kiwanda cha kondomu kilifunguliwa Xapuri mwaka 2008 kikitumia utomvu wa msituni, na kampuni ya viatu ya Ufaransa, Veja, imekuwa ikinunua mpira wa wagema kwa bei iliyo juu ya soko. Wanunuzi wa aina hiyo ni wachache. Ng'ombe ana mnunuzi wakati wote, na ndani ya hifadhi yenyewe familia kadhaa za wagema zimefyeka na kuanza kufuga.