Imam Ghazali: Aliyeacha Cheo cha Baghdad

Ndugu msomaji, hebu fikiria. Mwaka 1095 Imam Abu Hamid al-Ghazali, Allah amrehemu, alikuwa akisomesha wanafunzi 300 katika Madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Cheo anacho, mali anayo, sifa zimeenea. Kumbe moyoni hana raha! Alijiuliza: nasomesha kwa ajili ya Allah au kwa ajili ya jina? Ulimi ukagoma darasani, chakula hakipiti, matabibu wakashindwa. Basi akagawa mali yake, akabakisha ya kulisha watoto, akaenda Damascus, akawa akijifungia kwenye mnara wa msikiti kufanya ibada. Katika miaka ile ndipo alipoandika Ihya Ulumiddin. Mwaka 1106 akarudi kusomesha, Nishapur, lakini kwa nia nyingine. Alifariki 1111. Nawe Ramadhani hii jiulize: kazi yako wamfanyia nani?