Abebe Bikila Baada ya Ajali

Jina la marehemu Abebe Bikila hutajwa kila panapozungumzwa mbio za marathoni, na aghalabu hutajwa kwa jambo moja: kwamba tarehe 10 Septemba, 1960, askari huyu wa kikosi cha walinzi wa Mfalme wa Ethiopia alikimbia peku katika barabara za Rome, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1964 alishinda tena huko Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Hayo yanajulikana. Sisi leo twapenda kueleza yale yasiyosimuliwa sana, nayo ni maisha yake baada ya kuumia.

Dalili zilianza Mexico mwaka 1968. Bikila aliingia mbioni akiwa na maumivu ya mguu, na baada ya kilomita 17 hivi akalazimika kutoka. (Ni katika mbio hizo hizo ambapo John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka akaumia goti, lakini akachechemea hadi mwisho.) Kisha, usiku wa tarehe 22 Machi, 1969, gari lake lilipinduka si mbali na Addis Ababa. Alibanwa humo hadi siku ya pili yake. Alipotolewa, uti wa mgongo ulikuwa umeharibika, na mtu aliyewashinda wakimbiaji wa dunia nzima hakuweza hata kugeuza kichwa.

Alisafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akakaa huko miezi minane. Hapana budi kumtaja hapa Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939. Alipofungua kituo chake hapo mwaka 1944, mtu aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa maiti anayesubiri siku yake, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya kibofu. Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Tena hakuridhika kuwaona wakiishi tu. Aliwapa upinde na mishale, kwa kuwa kuvuta upinde hutia nguvu mabega na mikono na humfundisha mgonjwa kukaa wima bila ya kuyumba. Na kwa kuwa anayeshindana na mwenziwe huanza tena kujiona mtu miongoni mwa watu. Mwaka 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha. Mashindano hayo yalikua hata yakafanyika Rome mwaka 1960, siku nane tu baada ya Bikila kushinda katika mji huo huo.

Mikono ya Bikila ilirudi, miguu haikurudi. Alijifunza kuishi katika kiti cha magurudumu, na Julai, 1970, akashiriki mashindano ya Stoke Mandeville katika kulenga shabaha kwa mshale na katika mpira wa meza. Mwaka 1971 alialikwa Norway kama mgeni, naye akaingia mbio za kilomita 25 za chombo cha kutelezea juu ya theluji, akawashinda wote. Akiwa muumini, aliuchukulia msiba wake kama alivyouchukulia ushindi wake, kuwa ni majaaliwa ya Mungu. Lakini twaonelea kwamba imani hiyo isingalimtoa kitandani peke yake, kama pasingalikuwa na watu waliompa kazi ya kufanya kila asubuhi.

Bikila alikuwa na bahati ya kuwa Bikila. Mchezaji wa timu ya wilaya hana Mfalme wa kumpeleka ng'ambo. Akivunjika, hufungwa plasta, hutembelewa na viongozi juma la kwanza, kisha husahauliwa nyumbani kwa mama yake, mguu ukikauka na moyo ukivunjika. Wakuu wanaohusika na afya na michezo wangefaa kuzingatia kwamba upinde, meza ya mpira na mtu aliyefundishwa kunyoosha viungo havigharimu mamilioni, na vyaweza kupatikana hata hapa Visiwani, bila ya kumvusha mgonjwa bahari.

Mwaka 1972 Bikila alikuwa mgeni wa heshima kwenye Olimpiki ya Munich, na uwanja ulimshangilia alipoingia katika kiti chake. Alifariki tarehe 25 Oktoba, 1973, kwa kuvuja damu katika ubongo kulikotokana na ile ajali ya miaka minne nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mfalme Haile Selassie alihudhuria maziko pamoja na maelfu ya raia wake.