FILIPPO PACINI NA KIJIDUDU CHA KIPINDUPINDU

Wengi wetu tumesikia jina la Robert Koch, yule Mjerumani aliyefika hata visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria mwaka 1906 kuchunguza malale. Lakini kijidudu cha kipindupindu, ambacho husemwa kuwa Koch ndiye aliyekivumbua, kilikwisha kuonwa miaka 30 kabla yake na Mwitalia mmoja, mtoto wa mshona viatu. Habari zake ni hizi.

Filippo Pacini alizaliwa katika mji wa Pistoia tarehe 25 Mei, 1812. Wazazi wake walitaka awe padre, lakini kijana alichagua udaktari. Mwaka 1831, walipokuwa wakipasua mkono wa maiti darasani, aliona vitu vidogo kama punje vimeshikamana na mishipa ya fahamu. Leo punje hizo zina jina lake, nazo ndizo zinazotujulisha tunapobonyezwa au kutikiswa. Alikuwa bado mwanafunzi!

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Florence, alikokuwa akifundisha. Pacini akapasua maiti za wagonjwa, akatazama utumbo wao kwa darubini, akaona vijidudu visivyo na idadi, vimepinda kama alama ya mkato. Akaviita Vibrio, akaandika habari zake mwaka ule ule.

Kumbe kijidudu hiki hakikai tumboni mwa mtu tu. Wataalamu waliokuja baadaye waligundua kwamba huishi katika maji ya pwani, hasa pale mto unapokutana na bahari, kikijishika kwenye wadudu wadogo wa majini, na hupatikana ndani ya chaza na kome. Viumbe hao hula kwa kuchuja maji, basi yaliyomo majini hukusanyika ndani yao. Tena ukoo wake ni mkubwa mno. Aina zaidi ya 200 zimetambuliwa, na katika hizo ni mbili tu, O1 na O139, zilizoleta kipindupindu cha kuenea. Nyingine pengine humharisha mtu, au hazimdhuru kabisa. Mwaka 1996 ilijulikana kwamba chembe za urithi zinazotengeneza sumu ile hubebwa na kirusi kinachoingia ndani ya kijidudu, hata aliyekuwa mpole aweza kugeuka muuaji. Pacini asingaliweza kujua hayo, maana chini ya darubini mpole na muuaji wana sura moja. Mwaka 1973 kipindupindu kilipozuka Naples, katika nchi yake Pacini, kome walioliwa wabichi walishukiwa, na mashamba ya kome ya pale yakaharibiwa.

Turudi Florence. Madaktari wakubwa wa siku zile waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Hawakujisumbua hata kubishana na Pacini. Walimnyamazia tu, na mimi naona heri wangalimpinga. Yeye hakuchoka. Kwa miaka zaidi ya 20 aliendelea kuandika kwamba kipindupindu huambukiza, na kwamba mgonjwa hufa kwa kupotewa na maji na chumvi za mwili. Alishauri mgonjwa aliye taabani atiwe katika mishipa ya damu maji yenye gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Maji yanayokaribiana sana na hayo hutumika hospitalini hata leo. Ni wangapi waliokufa bure wakati ushauri huo umelala kitabuni?

Hakuoa. Fedha zake zilikwenda katika uchunguzi na katika kuwatunza dada zake wawili waliougua muda mrefu. Alikufa maskini tarehe 9 Julai, 1883. Mwezi uliofuata Koch alishuka Misri kutafuta chanzo cha kipindupindu, na mwaka 1884, huko Calcutta, akakiotesha kijidudu kile peke yake bila kuchanganyika na vingine. Tusimwonee Koch, kazi hiyo Pacini hakuifanya. Lakini sifa zote zilimwendea yeye.

Mwaka 1965 kamati ya kimataifa ya majina ya bakteria ilikubali jina liandikwe hivi: Vibrio cholerae Pacini 1854.