Kapamu, Mwingereza aliyekusanya vitu na hadithi za Baluba

Baluba wa Mwanza, upande wa Malemba-Nkulu, walimpa jina la Kapamu, maana yake mtu wa kwenda mbio. Jina la kwao lilikuwa William Burton. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1886, akasoma kazi ya uenjinia, kisha akageuka muhubiri wa Kipentekoste. Mwaka wa 1915 akaingia Katanga na wenzake. Mmoja alikufa na ugonjwa wakiwa njiani. Waliobaki wakajenga misioni kule Mwanza, na Burton akakaa Kongo mpaka 1960.

Uingereza alikokomalia, watoto wengi walikulia kwenye sahani za udongo zenye picha na nyimbo za kitoto. Mtoto anamaliza uji, chini anakuta picha na maneno, anajifunza. Leo kuna watu wanazitafuta sahani zile kwa kuzikusanya na kuziweka.

Kwa Baluba, mafundisho ya mtoto hayakuandikwa kwenye sahani. Yalikuwa ndani ya hadithi za jioni karibu na moto, na ndani ya mezali za wazee. Hata historia ya ufalme ilikuwa na chombo chake: lukasa, ubao wenye shanga ambao wenye kuujua waliusoma kwa vidole.

Burton akaanza kukusanya. Mwalimu Winifred Hoernlé wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alimuomba vitu vya Baluba, na Burton akavituma Johannesburg. Vingine vikaenda Tervuren, Ubelgiji. Alipiga picha, alichora, aliandika kila kitu kinatumika namna gani. Mezali alizokusanya zilichapishwa papa hapa Lubumbashi, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville, katika jarida la CEPSI, miaka ya 1950. Mwaka wa 1961 kikatoka kitabu chake cha hadithi, The Magic Drum.

Lakini hapa maneno yanakuwa magumu. Burton huyo huyo alihubiri kwamba sanamu na dawa za mababu ziachwe. Waliobatizwa wakazitupa, ama wakazichoma. Mdomo wake ulisema viachwe, mikono yake ikavifunga kwenye sanduku.

Basi aliokoa ama alichukua? Yote mawili. Bila yeye, vitu vingi vingeoza ama vingeungua, na hakuna mtu angejua vilikuwaje. Lakini pia, mtoto wa Haut-Lomami mwenye kutaka kuona kiti ya babu yake ni lazima leo avuke mpaka, atafute viza, alipe safari. Wengi hawatafika kamwe.

Burton alifariki Afrika Kusini mwaka wa 1971. Vitu alivyotuma viko bado mbali.

Hadithi ni tofauti kidogo. Kiti ikipelekwa, nyumbani panabaki wazi. Hadithi ikiandikwa kwenye kitabu, inabaki vilevile kwa yule aliyeisimulia, lakini kama tu anaendelea kuisimulia. Mabibi wenye kuzijua hadithi za Kiluba wako bado Malemba-Nkulu, Kamina, na hata huku Kenya na Katuba. Kuwasikiliza hakuombi viza. Kunaomba jioni moja, na simu kidogo ya kurekodi sauti yao.