Padri Aliyehesabu Macho ya Buibui

Katika nyumba zetu za pwani, buibui ni mgeni asiyebisha hodi. Kwenye boriti yuko, nyuma ya kabati yuko, penye pembe ya dari yuko. Mama hupita na ufagio wa chelewa akamwondoa, na kesho yuko palepale. Sura ya 29 ya Kurani Tukufu yaitwa kwa jina lake, na vazi jeusi la mama zetu limechukua jina hilohilo. Lakini mtu akituuliza ni buibui yupi huyo, wengi wetu tutajibu kwamba buibui ni buibui, basi. Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu mmoja ambaye jibu hilo halikumtosha. Alikaa miaka zaidi ya sitini akiwatazama buibui mmoja mmoja, akiwahesabu macho, akiwapima miguu, na akiwapa majina. Tena baadhi ya buibui wa ajabu kabisa aliowaeleza walitoka visiwani, katika bahari yetu hii ya Hindi, mahali ambapo yeye mwenyewe hakupata kukanyaga.

Mtu huyo ni Octavius Pickard-Cambridge. Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1828 katika kijiji cha Bloxworth, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa kasisi wa kijiji hicho. Ukoo wao uliitwa Pickard tu, na jina la Cambridge likaongezwa mwaka 1848 walipopata urithi. Na hilo jina la Octavius asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya nane. Nani angejua wakati huo kwamba mtoto huyo angeshughulika maisha yake yote na viumbe wenye miguu minane?

Alipokuwa kijana alisomeshwa na William Barnes, na hapa mimi kama mtunga mashairi siwezi kupita bila kusimama kidogo. Barnes alikuwa mshairi aliyetunga kwa lahaja ya watu wa kwao Dorset, hakutunga kwa Kiingereza cha mabwana wa London. Sisi tuliolelewa na Kimvita na Kiamu twamwelewa mtu wa namna hiyo. Mwenye kusikiza tofauti ndogo za maneno baina ya kijiji na kijiji humfunza mwanafunzi wake kwamba jambo dogo si jambo la kudharauliwa. Sisemi kwamba Octavius alijifunza buibui kwa Barnes. Nasema tu kwamba jicho lake lilianza kunolewa na mwalimu mzuri.

Kwanza alipelekwa London kusomea sheria, lakini moyo haukukaa huko. Akaiacha, akaenda chuo kikuu cha Durham kusomea dini, na mwishoni mwa miaka ya 1850 akawa kasisi. Mwaka 1860 alirudi Bloxworth kumsaidia babake. Babake alipofariki mwaka 1868, yeye akashika nafasi yake, na hakuiacha hadi alipokufa tarehe 9 Machi 1917, akiwa na umri wa miaka 88. Alizaliwa kijiji hicho, akafanya kazi kijiji hicho, akafia kijiji hicho. Mtu angedhani maisha kama hayo ni kama maji ya mtungi, hayaendi popote. Kumbe dunia nzima ilikuwa ikiingia nyumbani kwake kwa njia ya posta, imetiwa ndani ya vichupa vya spiriti.

Katika elimu ya buibui ustadhi wake alikuwa John Blackwall, mzee aliyemzidi umri kwa miaka 38. Blackwall alitoa kitabu kikubwa cha buibui wa Uingereza na Ireland baina ya 1861 na 1864, na Octavius alimsaidia kwa bidii katika kazi hiyo. Lazima nieleze namna mzee huyo alivyowapanga buibui wake, maana hadithi yetu imefungwa kwenye fundo hilo. Buibui wengi wana macho manane, na wako wenye sita. Basi Blackwall aliwagawa kwa hesabu hiyo: hawa wa macho manane kabila lao, na hawa wa macho sita kabila lao. Ni mpango safi, wala hauna taabu kuukumbuka. Mtu huchukua kioo cha kukuzia, akahesabu, akajua buibui yuko upande gani.

Kati ya 1863 na 1865 padri wetu alisafiri. Alifika Misri, akafika Palestina na Shamu, akiinua mawe na kutikisa vichaka katika nchi ambazo wasomaji wetu wengi wanazijua kwa visa vya Mitume. Matunda ya safari hiyo yalitoka pole pole: orodha ya buibui wa Palestina na Shamu mwaka 1872, na ya Misri mwaka 1876. Mwaka 1866 alioa, na Mungu akamjaalia watoto wa kiume sita. Tangu hapo akatulia Bloxworth, na buibui wa nchi za mbali wakawa wanamfuata yeye. Waliletwa na mabaharia, wafanyabiashara, maafisa wa serikali na wapenzi wa viumbe. Wengine walitoka Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka. Wengine walitoka St Helena, kile kisiwa cha upweke katika bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1873 ndipo fundo lilipokaza. Katika buibui wa Ceylon alikuwako mmoja mdogo mno, mwili wake wa milimita moja au mbili tu, umevikwa magamba magumu kama askari wa kale aliyevaa dereya. Padri akamweka chini ya kioo akahesabu macho. Hayakuwa manane. Hayakuwa sita. Yalikuwa manne.

Mtu mvivu angesema huyu ni kilema, akamtupa. Mtu mwoga angemficha ili mpango wa ustadhi wake usitiwe doa, na Blackwall wakati huo alikuwa angali hai. Padri hakufanya hili wala lile. Alimchora, akamweleza kiungo kwa kiungo, akamwita Tetrablemma, jina la Kiyunani lililobeba maana ya macho manne, na akamwekea jamii yake peke yake, Tetrablemmidae. Jamii hiyo ingaliko katika vitabu vya elimu hadi leo kwa jina hilohilo. Baadaye walipatikana ndugu zake katika nchi nyingi za joto, wakiishi chini ya majani makavu ya msituni na ndani ya mapango. Mwaka 1978 mtaalamu wa Kiitalia, Paolo Brignoli, alieleza wengine kutoka Shelisheli, majirani zetu. Na ajabu ni kwamba ndani ya jamii hiyo moja wako wenye macho manne na wako wenye sita. Maana yake ni kwamba hesabu ya macho peke yake haitoshi kuwa mizani. Siku hizi wataalamu hutazama pamoja nayo meno, kucha, vitoa nyuzi, viungo vya uzazi, na hata chembe za urithi zilizomo mwilini.

Hapo ndipo ninapomheshimu bwana huyu. Mpango wa vitu ni kama mshono wa kanzu. Ukiona mwili haungii, si mwili unaokatwa, ni kanzu inayoshonwa upya. Ni rahisi kulisema jambo hili, lakini kulitenda mbele ya kazi ya mwalimu wako mwenyewe kwataka moyo.

Kisa cha pili ni cha kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar. Wasomaji wanaijua kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe la rangi ya asali, ambao watu hutengenezea tasbihi. Katika kaharabu ya pwani ya Baltiki, huko Ulaya kaskazini, wataalamu wa Kijerumani walikuta buibui wa umbo lisilo na mfano, na habari zake zikachapishwa mwaka 1854. Kichwa chake kimeinuliwa juu ya shingo ndefu, na meno yake yamerefuka kama mdomo wa mwari. Aliyekuwa ndani ya kaharabu alikuwa maiti wa mamilioni ya miaka. Kila mmoja alidhani ni kiumbe aliyekwisha kutoweka duniani.

Mwaka 1881 Pickard-Cambridge alieleza buibui kutoka Bukini. Shingo ileile, meno yaleyale, lakini huyu si wa kale, ni wa zama zake mwenyewe. Alimwita Eriauchenius workmani. Sehemu ya mwisho ya jina la kwanza yatokana na neno la Kiyunani la shingo, na jina la pili ni heshima kwa Thomas Workman, mfanyabiashara wa Belfast aliyekuwa mpenzi mkubwa wa buibui. Baadaye wengine wa ukoo huo walijulikana pia Afrika Kusini na Australia.

Mwenendo wa buibui hao si wa kawaida. Hawategi kwa utando. Hutembea usiku wakiwinda buibui wenzao, wala hawali kitu kingine. Wakimpata mmoja humchoma kwa ncha ya jino moja refu, kisha humning'iniza mbali na mwili wao mpaka akate roho, asipate nafasi ya kuwauma. Basi shingo ile iliyoonekana kichekesho ni silaha iliyopimwa.

Lakini sitaki kumsifu padri kwa kumvika yasiyokuwa yake. Yeye alikaa mezani Dorset. Msituni Bukini hakuingia. Katika vitabu vya zama zile huyaona majina ya waliopeleka vichupa Ulaya, na ni nadra sana kuona jina la mwenyeji aliyejua mti gani utikiswe na jani gani lifunuliwe. Workman amebaki katika jina la buibui. Wenyeji wa msitu hawakubaki. Nayasema haya bila ya kuwa na chuki. Nayasema kwa kuwa mtu aliyeonyesha njia ana haki yake, hata kama kalamu haikuwa mkononi mwake.

Huenda msomaji akauliza, majina haya ya Kiyunani na Kilatini yana faida gani kwa watu? Nitampa mfano mmoja. Mwaka 1877 padri huyohuyo alimpa jina la Atrax robustus buibui mweusi wa upande wa Sydney, nchini Australia. Ni katika buibui wenye sumu kali kabisa duniani. Dawa ya kuzuia sumu yake ilipatikana mwaka 1981, na tangu hapo hakuna mtu aliyethibitishwa kufa kwa kuumwa naye. Huwezi kutengeneza dawa ya buibui usiyeweza kumtenga na wenzake. Kwanza ajulikane ni nani, kisha sumu yake ichunguzwe. Jina ni mlango.

Kazi zake nyingine zilikuwa nyingi. Alitoa kitabu cha buibui wa Dorset kati ya 1879 na 1881. Alichukua mzigo wa kueleza buibui wa Amerika ya Kati, na mpwa wake Frederick akasaidia kuufikisha mwisho. Mwaka 1887 alichaguliwa kuwa mmoja wa wanachama wa Royal Society ya London, cheo ambacho wanasayansi wengi hukitamani hadi kufa kwao. Charles Darwin naye alimtaja kitabuni alipotaka kueleza kwa nini, kwa wale buibui wakubwa wanaofuma nyuzi za rangi ya dhahabu, dume ni kijitu kidogo kando ya jike lake. Buibui wa jinsi hiyo hata sisi twawaona mwambao huu, wamefunga nyavu zao baina ya miti. Mwenye shaka na atazame, atamwona jike mkubwa katikati, na dume kama kipande cha uzi pembeni.

Alipofariki, mkusanyiko wake ulikwenda chuo kikuu cha Oxford, na wataalamu wangali wakiutumia. Hiyo ndiyo faida ya mtu kuweka kazi yake kwa utaratibu. Mwaka 2018 Hannah Wood na Nikolaj Scharff walitoa uchunguzi mpya wa wale buibui wenye shingo wa Bukini. Walieleza aina 18 ambazo hazikuwa na jina, na hesabu yote ya kisiwa ikawa 26. Mlango uliofunguliwa na buibui mmoja mwaka 1881 ulikuwa bado haujafika mwisho wa chumba miaka 137 baadaye. Na duniani kote, hesabu ya aina za buibui zilizopewa majina ilipita 50,000 mwaka 2022.

Jambo linalonitia wasiwasi ni hili. Buibui hao wa Bukini hukaa misituni, na wengi wao hawajulikani ila katika sehemu ndogo ndogo tu za kisiwa. Misitu ya Bukini imekatwa sana. Buibui wa kaharabu alihifadhiwa na utomvu, tukamjua baada ya kufa. Lakini aliye hai akikatiwa mti wake kabla hajaonwa na mtu, hatakuwa na kaharabu wala kichupa wala jina. Atakuwa kama hakuumbwa, na hasara itakuwa ni yetu sisi tulioambiwa tutazame tukazingatie.

Pickard-Cambridge hakuokoa msitu wowote, wala hakudai. Alichofanya ni kuketi, kutazama, kuhesabu, na kuandika alichokiona hata kilipopingana na alichofunzwa. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Naona na mdharau buibui naye hupungukiwa, ila hajijui kwamba amepungukiwa.