H. G. Wells na Vita vya Sakafuni

Wengi tunamjua H. G. Wells kwa riwaya zake za safari za wakati na wavamizi kutoka Mars. Kumbe mzee huyu pia alikuwa akipiga magoti sakafuni kucheza na askari wadogo wa kuchezea!

Alizaliwa Bromley, Uingereza, mwaka 1866, nyumba isiyo na pesa. Aliuza vitambaa dukani, akasoma sayansi, akafundisha, ndipo akaishi kwa kalamu.

Mwaka 1913 alitoa Little Wars, kitabu cha kanuni za mchezo wa vita. Kulenga hakukuwa kwa dadu: mzinga mdogo wa springi unarusha kipande cha mti, askari akiangushwa amekufa. Wa miguu anasogea futi moja, mpanda farasi mbili. Mzinga usio na watu wa kutosha pembeni haupigi.

Mchezo wa vita wa jeshi la Uingereza aliuona unachosha, umemtegemea mno mwamuzi, na haufanani na vita. Kwake uhalisia ulikuwa mchezaji kubanwa aamue haraka, siyo kurundika kanuni.

Ila maumivu hayakuwemo, naye alilijua hilo. Kitabu hichohicho kinaikataa vita ya kweli. Mwaka uliofuata, vita ikaja. Alifariki 1946. Dungeons & Dragons ya 1974 ilichipuka kwenye michezo ya vita ya namna hiyo.

Sisi walimu watarajiwa tunapenda maigizo darasani. Basi tukishacheza, tuwaambie wanafunzi pia kile ambacho mchezo umekiacha nje.