Ludwig Wittgenstein: Mrithi Aliyegawa Mali Yake Yote

Mwanafunzi wa falsafa anapofika kwenye somo la falsafa ya lugha hukutana na jina la Ludwig Wittgenstein, kwa kawaida pamoja na kitabu kimoja kifupi na kigumu chenye sentensi zilizopewa namba. Ni nadra kuelezwa darasani kwamba mtu huyo alizaliwa katika mojawapo ya familia tajiri zaidi za Milki ya Austria na Hungaria, au kwamba aliachana na utajiri huo akiwa na miaka 30. Ni nadra zaidi kusikia yaliyotokea alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa maoni yangu, bila hayo hatumjui.

Alizaliwa Vienna tarehe 26 Aprili 1889, kitindamimba wa Karl Wittgenstein. Karl alikuwa ametoroka nyumbani akiwa kijana, akaenda Marekani na kujikimu kwa kazi za mhudumu na mpiga muziki. Aliporudi alianza chini kabisa, kama mchoraji wa ramani za kiwanda, na baada ya miaka michache alikuwa ameshika sehemu kubwa ya viwanda vya chuma vya milki nzima. Ukoo ulikuwa wa asili ya Kiyahudi ulioingia Ukristo kabla yake, na watoto wake walibatizwa Wakatoliki. Nyumbani kwao palikuwa na piano kubwa kadhaa, na mtunzi Brahms alikuwa mgeni wa kawaida.

Lakini Karl alitaka wanawe warithi viwanda, wapende wasipende. Hans, aliyekuwa na kipaji kikubwa cha muziki, alitoweka Marekani mwaka 1902, na inaaminika alijiua. Rudolf alikunywa sumu Berlin mwaka 1904. Kurt alijiua mwaka 1918, vita ilipokuwa inaisha. Paul, mpiga piano, alipoteza mkono wa kulia vitani, akaendelea kupiga kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo tunaposoma kwamba Ludwig alikuwa mkali na mwenye huzuni, tukumbuke nyumba aliyotoka.

Yeye alipelekwa kusomea uhandisi, kwanza Berlin kisha Manchester, alikofanya utafiti wa propela za ndege. Hesabu zikamvuta kwenye maswali ya msingi wake, na maswali hayo yakampeleka Cambridge kwa Bertrand Russell mwaka 1911. Baba alifariki Januari 1913, na Ludwig akawa tajiri mkubwa kwa haki yake mwenyewe. Mwaka 1914 alitoa krona 100,000 zigawiwe wasanii na waandishi wa Austria wenye shida. Miongoni mwa waliopata ni washairi Rilke na Trakl.

Vita ilipoanza alijitolea jeshini, ingawa ugonjwa wa ngiri ungemwezesha kubaki nyumbani. Katika mji wa Tarnów alinunua kitabu cha Tolstoy kinachoeleza Injili kwa ufupi, akakibeba kila mahali hadi askari wenzake wakamtambua kwacho. Aliandika falsafa yake katika madaftari akiwa vitani, akatekwa na Waitalia mwaka 1918, na kurudi Vienna Agosti 1919.

Hapo ndipo alipotoa mirathi yake yote. Sehemu kubwa ya mali ya familia ilikuwa imewekezwa ng'ambo, hivyo ilikuwa imesalimika. Wanasheria hawakuelewa, lakini Ludwig alisisitiza asibakiziwe chochote, hata kwa njia ya kificho. Sasa tuangalie alimpa nani. Kijana tajiri wa Injili aliambiwa auze alivyo navyo awape maskini. Wittgenstein aliwapa ndugu zake watatu, Hermine, Helene na Paul, waliokuwa matajiri tayari. Dada yake Margarete aliachwa nje kwa sababu alikuwa na zaidi. Inaelezwa kwamba Ludwig aliona fedha huharibu watu, na hao walikuwa wameshazizoea. Hoja hiyo ina ukali wake, lakini mimi hainiridhishi. Maskini wa Vienna mwaka ule walikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa haharibiwi na mkate. Alichotafuta, nadhani, kilikuwa uhuru wake mwenyewe.

Akaingia chuo cha ualimu, na mwaka 1920, baada ya majira ya kiangazi akitunza bustani katika monasteri ya Klosterneuburg, akaanza kufundisha Trattenbach, kijiji maskini cha milimani. Alifundisha katika vijiji kadhaa kwa miaka sita. Alikuwa mwalimu wa ajabu. Alitengeneza mifupa ya paka pamoja na wanafunzi ili wajifunze viumbe, aliwapeleka Vienna kuona majengo na mashine, na aliwaandalia kamusi ya tahajia iliyochapishwa mwaka 1926. Wenye vipaji aliwapigania waendelee na masomo, hata pale wazazi walipohitaji mikono yao shambani.

Ila alipiga. Adhabu ya viboko ilikuwa kawaida vijijini humo, na wengi wetu tuliosoma shule za msingi za hapa kwetu hatuhitaji kuelezwa. Lakini yeye alipiga makofi na kuvuta nywele kwa sababu mtoto hakuelewa aljebra, na hakuwaacha wasichana. Aprili 1926, huko Otterthal, alimpiga kichwani mvulana wa miaka 11, mtoto dhaifu kiafya, naye akazimia. Wittgenstein aliondoka shuleni, akajiuzulu siku hizo hizo. Kesi ilifunguliwa, na mbele ya wachunguzi hakusema ukweli wote kuhusu jinsi alivyowatendea wanafunzi.

Alirudi kwa watawa, safari hii Hütteldorf, akafanya kazi ya bustani na kuuliza kama angeweza kupokelewa utawani. Mkuu wa nyumba alimwambia kwamba hangepata humo alichokuwa akikitafuta. Namheshimu mkuu huyo. Si kila anayekimbia jambo ameitwa.

Baadaye alimjengea Margarete nyumba mjini Vienna, akaamuru dari ya ukumbi ibomolewe na kupandishwa sentimeta tatu kwa sababu vipimo havikumridhisha. Mwaka 1929 alirudi Cambridge, akapewa shahada ya udaktari kwa kitabu chake cha zamani, na mwaka 1939 akawa profesa.

Kabla ya hapo, mwaka 1936, alifanya jambo ambalo vitabu vya falsafa hulipita haraka. Aliwaita marafiki mmoja mmoja akawaungamia makosa yake, pamoja na uongo wa Otterthal. Kisha akasafiri hadi kijijini humo, akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba msamaha aliowapiga, ambao sasa walikuwa watu wazima. Wengine walimpokea vizuri. Wengine walimwangalia kwa ubaridi.

Mali aliyoigawa nayo haikumwacha. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, Hermine na Helene walihesabiwa Wayahudi. Ili wapewe hadhi nyingine kisheria, familia ilikabidhi Benki Kuu ya Ujerumani tani 1.7 za dhahabu. Ludwig, aliyekuwa amepata uraia wa Uingereza, alisafiri Berlin, Vienna na New York mwaka 1939 kwa mazungumzo hayo. Paul alipinga kutoa kiasi hicho, na undugu ukavunjika. Dada hao wawili waliishi Vienna salama hadi vita ilipokwisha. Wako wanaolaumu kwamba utawala ule ulipewa dhahabu. Mimi nashindwa kuwahukumu.

Wakati wa vita profesa huyo alibeba dawa wodini katika Guy's Hospital, London. Alijiuzulu uprofesa mwaka 1947, akafariki Cambridge tarehe 29 Aprili 1951 kwa saratani ya tezi dume. Hakuwa ameshika dini tangu ujana. Lakini Drury, mwanafunzi wake wa zamani, alikumbuka kwamba aliwahi kutamani rafiki zake Wakatoliki wamwombee. Kwa msingi huo padre wa Shirika la Wadominikani aliitwa, na sala za Kanisa zikasomwa kaburini. Drury aliishi miaka mingi baadaye bila kuwa na uhakika kama walifanya sawa.